Neti ya Bure na Majibu ya Akina Mama

Leo tuna swali moja: serikali hujuaje kwamba jambo fulani litawafaa watoto wetu?

Tuchukue mfano wa neti yenye dawa. Mwanzoni mwa mwaka 2004 ilikuwa ya kununua dukani. Mwishoni mwa mwaka huo ikaanza kuuzwa katika kliniki za mama na mtoto kwa shilingi 50. Lakini kwa mama asiye na unga nyumbani, hata shilingi 50 ni nyingi. Wataalamu nao walibishana. Wengine walisema cha bure hakithaminiwi. Wengine walisema neti ikiuzwa, maskini wataachwa nyuma.

Ubishi huo uliamuliwa kwa utafiti. Watafiti wa KEMRI na wenzao walichagua sehemu 72 katika wilaya nne: Bondo, Kisii, Makueni na Kwale yetu. Walipita nyumba kwa nyumba, na mwaka uliofuata wakarudi. Waliuliza: Mtoto alilala ndani ya neti usiku wa jana? Je, mtoto yule yu hai?

Mwanzoni, katika kila watoto 100, ni 7 tu waliolala ndani ya neti yenye dawa. Neti za shilingi 50 zilipokuja, wakafika 24. Mwaka 2006 serikali ikagawa neti bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wakafika 67, na watoto wa maskini wakawa karibu sawa na wa wenye uwezo. Vifo vya watoto waliotumia neti vilipungua kwa asilimia 44. Kwa kila neti 1,000 zilizogawanywa, watoto 7 hivi waliokolewa. Usiseme saba ni wachache. Wahesabu kwa majina: wako, wa jirani, wa dada yako.

Mwezi Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani likatumia ushahidi huo wa Kenya kuzishauri nchi nyingine zigawe neti bure au kwa bei ya chini sana.

Basi mama, uwe Ukunda, Msambweni au Kinango, mtafiti akibisha hodi, muulize ametoka wapi na anatafuta nini. Una haki ya kukubali au kukataa, na ukikataa hunyimwi matibabu. Ukikubali, sema kweli. Kama neti imezungushiwa vifaranga, au imekunjwa ikingoja wageni, mwambie hivyo. Ukisema mtoto hulala ndani yake ili kumridhisha mgeni, serikali itapanga mambo kwa habari isiyo kweli, na atakayeumia ni mtoto.

Usiku wa leo, teremsha neti na uichomeke vizuri chini ya godoro au mkeka. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, usingoje degedege.