Askari Arudipo Kwao



Leo tumewataja wachungaji na waalimu walioijenga dayosisi yetu. Nawasihi tuwakumbuke na wale waliotoka makwetu kwenda vitani.

Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, katika mvua, matope na homa, hata mwezi wa Desemba wakafika Kalewa, penye mto Chindwin. Vita vilipokwisha mwaka 1945 walirudishwa makwao. Mwenye kurudi hupigiwa ngoma. Lakini ngoma haichezwi milele, na ndoto za vita zaweza kumjia mtu kila usiku.

Hata katika siku zetu vijana wa Tanzania wamekwenda Kongo kulinda amani. Tarehe 7 Desemba 2017 baadhi yao waliuawa huko Semuliki, na wenzao walijeruhiwa. Tena yako majeraha yasiyoonekana kwa macho.

Basi, tufanyeje? Tusimwulize askari ameua wangapi. Akitaka kusema, tumsikilize; akinyamaza, tuketi naye. Asipopata usingizi, au akikimbilia pombe, tusinene kwamba amerogwa, bali tumsindikize hospitali. Tumtafutie kazi. Wala tusiwasahau wajane wa wasiorudi.

Yule Msamaria hakufunga jeraha tu akaenda zake. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kupita tena. Nasi, ngoma ikiisha kunyamaza, tupite tena mlangoni pa askari.