Kuruhusiwa Si Mwisho wa Matibabu



Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, kadi imewapunguzia wengi hofu ya gharama za kulazwa. Hata hivyo, kadi haimkingi mtu asilazwe tena. Wapo watokao wodini wakitembea wenyewe, na kabla ya mwezi kwisha hurudishwa wamebebwa.

Sababu ni kadhaa. Kwanza ni ugonjwa wenyewe. Kisukari, shinikizo la damu na moyo kushindwa kufanya kazi ni maradhi yanayodhibitiwa. Hayamalizwi na vidonge vya wiki mbili. Mgonjwa aonapo nafuu akaacha dawa, maradhi hurejea. Pili ni umbali. Atokaye Chunya au Kyela kuja kliniki Mbeya mjini hujilipia nauli. Siku ikimkuta hana, haji. Tatu ni ngazi ya kituo: baadhi ya dawa aziandikazo daktari bingwa hazitolewi katika zahanati. Nne ni maelezo ya haraka, ambayo mgonjwa huyaitikia pasipo kuyaelewa.

Nchini Marekani, tangu Oktoba 2012, bima ya umma ya Medicare, inayohudumia hasa wazee, huzipunguzia malipo hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita kiasi ndani ya siku 30. Lakini hospitali peke yake haiwezi kuziba pengo lililoko nyumbani.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka wodini, ukiwa pamoja na ndugu atakayekuuguza, uliza:

Dawa zipi naendelea nazo, na kwa muda gani?
Zikiisha, nitazipata kituo gani karibu na kwangu?
Tarehe ya kliniki ni lini?
Dalili zipi zinirudishe haraka?

Ondoka na karatasi ya ruhusa mkononi. Dawa ikikosekana hospitalini, omba uelekezwe duka la dawa lililosajiliwa na mfuko wako kabla hujatoa fedha zako.

Wala mtu asiogope kurudi. Mwenye maradhi ya moyo akivimba miguu, au akikosa pumzi alalapo, arudi upesi. Kadi ipo kwa ajili hiyo. Tunachotaka kukiepuka ni kitanda kinachokaliwa mara ya pili kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa.