Kukosa Darasa Si Mwisho wa Kusoma

Leo tunazungumzia njia za kusoma kwa aliyekosa au aliyeacha shule.

Jambo hili si geni kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria. Kuanzia 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO uliwafundisha watu wazima wa mikoa ya ziwa kusoma na kuandika kupitia kazi zao wenyewe: pamba, uvuvi, migomba na ufugaji. Kisha Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita ambazo Mwalimu Nyerere alizitaka zifute ujinga kabla ya 1971 kwisha.

Leo milango imeongezeka. Mtoto aliyepitwa na umri wa kuanza shule ana MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Aliyekosa sekondari anaweza kuisoma kwa njia mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, afanye Mtihani wa Maarifa, yaani QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayependa ufundi ana vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Na tangu Novemba 2021, binti aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni akishajifungua.

Mzazi, kama kijana wako anashinda mwaloni, usiseme wakati umempita. Mwone afisa elimu kata, uliza kituo kilicho karibu, na kabla ya kulipa ada yoyote hakikisha kituo hicho kimesajiliwa. Mwandikishe mapema.