Usiache Dawa ya Mafuta kwa Sababu ya Jino

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, baada ya ibada)

Sitawachosha, najua mna hesabu ya michango baadaye.

Swali lililoletwa ni hili. Mama mmoja anameza simvastatini, ile dawa ya kupunguza kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu. Watoto wake wamechanga pesa awekewe jino la kupandikizwa. Jirani akamwambia aache dawa kwanza, ati kidonda hakitapona.

Sivyo. Jino hilo husimama juu ya skrubu ya titani iliyotiwa ndani ya taya, na mfupa huchukua kama miezi 3 hadi 6 kuishika. Sasa, mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba dawa za jamii hii ziliongeza mfupa wa panya. Lakini panya si mama yetu! Kidonge ukikimeza, sehemu kubwa huzuiliwa na ini, kidogo tu ndicho hufika mfupani. Kwa hiyo asiye mgonjwa asiinunue ati jino lishike. Na aliyeandikiwa asiiache, maana inamkinga na kiharusi na ugonjwa wa moyo. Kama ni kuchelewesha kupona, ogopeni sigara, na sukari ya damu iliyopanda bila kutibiwa.

Hatari iko kwingine, na hapa naomba mnisikilize sana. Baada ya kazi ya jino unaweza kupewa dawa ya kuua vijidudu. Klarithromisini na erithromisini hazipatani kabisa na simvastatini. Zinaifanya irundikane mwilini mpaka misuli iharibike, na figo nazo zinaweza kuumia. Utasikia misuli inauma, mwili hauna nguvu, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya strungi. Usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Amoksisilini haina ugomvi huo, ila wako ambao mwili wao unaikataa.

Basi ukienda kwa daktari wa meno, tia dawa zako zote kwenye mfuko, na pakiti zake, hata zile za mitishamba, umwagie mezani kwake. Akiona lazima utumie klarithromisini, ni yeye atakayekuambia simvastatini isimamishwe siku ngapi na uirudie lini.