Kurasa Tupu za Desemba

Msikilizaji, shule za Tanzania zinapofunga mwaka mwezi Desemba, madaftari ya mtoto mmoja hayawi yametumika sawa. La Hisabati limejaa hadi kugusa jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. La somo lenye vipindi vichache limeishia katikati. Januari yote yanawekwa kando, mzazi anatumwa dukani. Lawama huangukia watoto, eti hawatunzi vitu. Kwa maoni yangu, watoto wanaonewa. Anayedai kila somo lianze mwaka na daftari jipya ni shule, na shule hiyohiyo ndiyo inayoweza kuziokoa kurasa zilizobaki.

Tupige hesabu ya kukadiria. Mtoto ana masomo manane, na kila daftari limebakiza kurasa 20. Jumla ni kurasa 160, yaani madaftari mawili ya kurasa 80. Kwa darasa la watoto 50 ni madaftari 100. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, mzazi alipumzishwa ada, lakini daftari, kalamu na sare vilibaki mfukoni mwake. Kwa mwenye watoto wanne, madaftari hayo si kitu cha kupuuza.

Wapo watakaosema hakuna kinachopotea, kwani daftari kuukuu huishia kwa muuza karanga. Ni kweli, na karatasi ya kufungia ina kazi yake. Ila mpangilio umegeuzwa: ukurasa ulioandikwa tayari unaweza kwenda kufungia, lakini ule mweupe ukishafungia karanga hauandikiki tena. Tena kwa vitumbua vinavyochuruzika mafuta, karatasi yenye wino si ya kushabikia hata kidogo.

Pingamizi zito zaidi ni la mwalimu. Anataka kila somo na daftari lake ili afuatilie maendeleo ya mtoto, na mkaguzi naye akija anataka kuona kazi iliyopangika. Yuko sahihi, na hakuna haja ya kumchanganyia masomo. Kurasa tupu hizi, zikishonwa kuwa daftari moja, zinafaa kwa rafu: kukokotoa hesabu, kujaribu insha kabla ya kuinakili, kuandika imla. Leo mtoto hufanya rafu nyuma ya daftari lilelile linalosahihishwa, au kiganjani. Na kama hofu ni mtoto wa maskini kuchekwa, achekwe na nani ikiwa darasa zima limeshona daftari la namna moja?

Kazi yenyewe ina ujanja kidogo. Daftari limebanwa pini katikati, hivyo karatasi tupu ya nyuma imeungana na iliyoandikwa ya mbele. Ukiivuta hovyo, zote zinachomoka. Mwalimu azikate zile tupu kwa wembe karibu na mkunjo, azipange, atoboe matundu matatu pembeni kwa msumari, kisha watoto wapitishe sindano ya kushonea magunia na uzi imara. Jalada gumu la daftari la zamani linatosha kufunika. Muda nao upo: ni ile wiki ya mwisho, mitihani imekwisha na wanafunzi wanafyeka majani tu kusubiri kufunga shule.