Dawa ya Maji ya Mtoto: Ulimi Hauwezi Kuipima

Leo tuzungumze juu ya dawa ya maji ya kikohozi na homa.

Mwaka wa 2022 nchini Gambia, karibu watoto 70 walifariki baada ya figo zao kuharibika. Uchunguzi wa dawa za maji za watoto huko ulipata daiethilini glaikoli, kemikali ya viwandani ambayo hutiwa hata katika maji ya breki za magari.

Sumu hii ni tamu na haina harufu. Kwa hivyo mama, kuonja dawa hakusaidii. Maabara hutumia mashine ya kromatografia ya gesi. Tone la dawa hupashwa moto likawa mvuke, kisha gesi husukuma mvuke huo ndani ya mrija mwembamba, mrefu. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake, na mashine huonyesha kiasi chake. Sumu hii haifai kuzidi asilimia 0.10.

Wewe huna mashine hiyo, lakini unaweza kufanya haya. Kwanza, nunua dawa katika duka la dawa lililosajiliwa, si kwa mchuuzi. Pili, usiihamishe katika chupa nyingine. Dawa mbaya inapoondolewa madukani, hutangazwa kwa namba ya bechi iliyo kwenye chupa. Tatu, mtoto akitapika, akilegea au akiacha kukojoa, usimpe tena dawa hiyo. Mkimbize hospitalini, na chupa uibebe.