Likizo ya Askari Aliye Kitini



Hati ya likizo haiulizi kama mwenye nayo atakwenda kwa miguu au kwa magurudumu. Walakini wamo wenzetu walioumia uti wa mgongo au kukatwa miguu ambao, tangu siku waliyoumia, hawajavuka mpaka wa wilaya yao isipokuwa kwenda hospitali. Watu huwaambia kwa upole wapumzike tu nyumbani. Leo napenda tuitazame safari moja ya nchi jirani, kutoka Arusha hadi pwani ya Kenya, na jinsi mtu wa kiti cha magurudumu anavyoweza kuipanga.

Askari anajua kwamba kikosi hakiondoki kabla njia haijapelelezwa. Hapa pia ni hivyo hivyo. Wengi hupiga simu hotelini wakauliza, "Je, mnapokea mtu wa kiti cha magurudumu?" Jibu aghalabu ni "Ndiyo, karibu sana," maana anayejibu anafikiria ukarimu, wala hafikirii mlango. Heri aulizwe vipimo. Viti vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70. Kwa hiyo mlango wa chumba, na hasa mlango wa choo, ambao mafundi wetu hupenda kuubana, hauna budi kuacha nafasi ya sentimita 80 hivi. Ngazi ni ngapi kutoka barabarani hadi kitandani? Na ikiwa ipo njia ya mteremko, ina urefu gani? Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili, yaani kizingiti cha sentimita 15 chataka mteremko wa sentimita 180. Ubao uliolazwa juu ya ngazi tatu ni mtego tu. Mwenye hoteli apime kwa futi, kisha atume picha kwa simu.

Sasa njia yenyewe. Pale Namanga, tangu mwaka 2018, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande ule anaouingia. Kwa mwenye kiti hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa anashuka garini mara moja badala ya mbili. Mbele kidogo iko hifadhi ya Amboseli, nami naisifu kwa sababu ambayo vitabu vya watalii havitaji: wanapotazama tembo, wageni wote hukaa garini, na aliye na miguu hana alichomzidi mwenzake. Shida ni kupanda tu, kwa kuwa magari hayo yako juu; ikubaliwe mapema nani atasaidia, na kiti kitawekwa wapi.

Kutoka Nairobi lipo gari moshi lililoanza safari za Mombasa mwaka 2017. Huondoka kituo cha Syokimau na kuishia Miritini, nje kidogo ya mji, na safari ni ya saa tano au sita. Hapa lazima nikawie. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asisikie maumivu makalioni, na kidonda cha kukalia huweza kuanza kwa saa chache kisha kikahitaji miezi kupona. Basi akae juu ya mto wake mwenyewe, na kila nusu saa au kabla yake ajiinue kwa mikono ama ajiegemeze upande. Likizo nyingi huharibikia hapo, wala si mpakani.

Akitaka kwenda Diani, kivuko cha Likoni kina mteremko mkali maji yanapokupwa. Ni vema avuke akiwa garini, au apitie barabara ya Dongo Kundu. Mchangani magurudumu membamba huzama, kwa hiyo atafute nyumba yenye njia ya saruji kuelekea ufukweni. Lamu, kwa maoni yangu, ingoje safari ya pili: kutoka uwanja wa ndege wa Manda ni kwa mashua, na vichochoro vya mji ni vyembamba.

Haki hii imeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wautaja utalii katika kifungu cha 30, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inataja kufika mahali pote na usafiri wa umma.

Lakini ninyi mnaosimama vizuizini na mipakani ndio atakaokutana nao kwanza. Muulizeni yeye habari za safari yake, wala si anayemsukuma. Kiti kikikaguliwa, kirudishwe karibu naye mara moja. Na ikibidi kumwinua akiwa kitini, msishike magurudumu wala mahali pa kuegemeza mikono, kwa kuwa katika viti vingi huchomoka. Shikeni fremu, baada ya yeye kufunga breki na kusema yuko tayari.